Nyama ya Kasa na Sumu Isiyoonekana

Mwezi wa Machi, 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa. Wanane wao walikuwa watoto. Wengine 78 walilazwa hospitalini. Mwaka 2021 pia watu saba walikufa Pemba kwa sababu iyo hiyo.

Je, sumu hiyo yatoka wapi? Wataalamu wadhani kwamba kasa huipata katika chakula chake. Baharini mna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, na baadhi yake ina sumu. Kasa alapo majani ya bahari huimeza pamoja nayo. Sumu ikajikusanya mwilini mwake, naye asidhurike. Hali ya maji ikibadilika, mimea hiyo huweza kuongezeka. Kwa hiyo, kusema “wazee wetu walimla wasidhurike” si kinga.

Nyama yenye sumu haitambulikani kwa macho, harufu wala ladha. Kuchemsha na kukaanga hakuiondoi sumu, na dawa ya kuivunja nguvu haijapatikana. Dalili zake ni kuwashwa kinywani na kooni, kutapika, kuhara na usingizi mzito. Mama anyonyeshaye huweza kumpitishia mtoto sumu kwa maziwa.

Basi, usile kasa, wala usimpe jirani. Aliyekwisha kula na apelekwe hospitali upesi, hata kama hajaugua. Tena kumbukeni kwamba sheria ya Kenya na ya Tanzania yakataza kumwua kasa.