Mchezo wa Mtoto Huanzia Jikoni

Anayempeleka mtoto kliniki huulizwa uzito, chanjo na chakula. Ni nadra kuulizwa mtoto anacheza na nini, na nani, ilhali jibu lake linagusa afya kama yale mengine. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huujua ulimwengu kwa kuushika, kuuonja, kuunusa, kuusikiliza na kuutazama. Anapogonga mwiko kwenye sufuria, kisha akaugonga kwenye mkeka, anajifunza kwamba kitu kimoja hutoa sauti mbili, na kwamba aliyezitoa ni yeye mwenyewe. Katika miaka hii seli za ubongo huungana kwa kasi kubwa. Miunganiko inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hupungua. Ndiyo sababu mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia uliweka fursa za kujifunza mapema sawa na lishe, afya njema, usalama na malezi yenye mwitikio.

Wapo wanaosema kwamba shibe kwanza, mchezo baadaye. Hoja hiyo ilipata jibu huko Kingston, Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipewa nyongeza ya maziwa peke yake. Walipofikisha umri wa miaka 22 hivi, waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wasiochezeshwa kwa takriban asilimia 25, wakati maziwa pekee hayakuonyesha faida ya namna hiyo. Hakuna mzazi anayepaswa kusoma hapa kwamba chakula si muhimu. Kinachoonekana ni kwamba kushiba na kuchangamshwa ni mahitaji mawili, na moja halijazi nafasi ya jingine.

Tena, vitu vile vya kuchezea havikufanya kazi peke yake. Palikuwa na mtu mzima aliyemfuata mtoto, akamtajia alichoshika, akamjibu alipotoa sauti. Mlezi akilielewa hilo hatatafuta fedha za duka la midoli, wala hatahitaji kutenga saa nzima asiyo nayo. Mama anayechambua mchicha anaweza kumpa mtoto jani alipapase na kulinusa huku akimwambia, "Hili laini, hiki kijiti kigumu." Baba anayemwogesha mtoto anaweza kumpa kikombe ajaze na kumwaga, akitaja kujaa na kuisha. Donge la ugali uliopoa linafaa kukandwa na vidole vidogo. Bibi akiwa na kitenge na kifuu cha nazi kilichosuguliwa vizuri, tayari ana laini na gumu, na akificha kifuu chini ya kitenge ana mchezo wa kutafuta. Simu haiwezi kushika nafasi hiyo, kwa kuwa haimjibu mtoto kwa alichofanya. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haipendekezi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili kutazama skrini akiwa amekaa, na kuanzia miaka miwili hadi minne inaweka kikomo cha saa moja kwa siku.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la uchafu na ajali, nalo halistahili kupuuzwa. Watafiti waliokaa na kutazama watoto katika kaya za vijijini Zimbabwe waliwaona wakila udongo, na hata kinyesi cha kuku. Kumfunga mtoto mgongoni kutwa nzima kungezuia hilo, lakini kungemzuia pia kujifunza. Afadhali kutenga sehemu: mkeka safi, kuku wasipofika, vyombo vilivyooshwa, na mikono ya mtoto na mlezi ikipitiwa sabuni kabla na baada ya kucheza. Karanga, maharage, punje za mahindi, shanga na betri ndogo za saa zisimfikie mtoto wa chini ya miaka mitatu, maana humkaba au huingia puani. Maji ya kina cha vidole vichache tu yanatosha kumzamisha, hivyo mtu mzima awe karibu kiasi cha kumshika kwa mkono, na beseni limwagwe mchezo unapokwisha. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda: mtoto anayeonja kila kitu ataonja na hayo. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kuulia wadudu haifai kuchezewa hata ikioshwa mara ngapi.

Mchezo wa namna hii una faida nyingine ambayo huzungumzwa kidogo mno: humwonyesha mlezi mapema kasoro ambazo mizani ya kliniki haizioni. Mtoto wa miezi sita ambaye hashtuki wala hageuki vifuniko vinapogonganishwa nyuma yake, asiyefuata kwa macho kitambaa chenye rangi kali, au asiyenyoosha mkono kuchukua kitu kilicho mbele yake, apelekwe kituo cha afya bila kungoja tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miezi tisa asiyeitikia jina lake, au wa umri wowote aliyeacha kufanya alichokuwa akikiweza. Mweleze mhudumu ni mchezo gani mliufanya na mtoto alifanya nini.