Sura ya Tisa: Kwa Nini Majani ya Mkungu Hugeuka Mekundu?

Umekwisha kujifunza kwamba jani ni jiko la mmea. Ndani yake mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia maji, hewa ya kaboni dayoksaidi na nuru ya jua. Katika sura hii utajifunza jinsi jani linavyozeeka. Utaona pia kwamba katika miti fulani jani huwa na rangi za kupendeza sana katika siku zake za mwisho.

Mti wenyewe

Mkungu ni mti unaopandwa sana katika nyua za nyumba na za shule katika miji ya pwani, kama vile Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Watu huupanda hasa kwa ajili ya kivuli. Matawi yake hutoka katika shina kwa safu, safu moja juu ya nyingine, kama sakafu za nyumba ya ghorofa. Majani yake ni makubwa na hukusanyika katika ncha za vitawi. Jani lililokomaa huweza kuwa na urefu wa sentimita 15 hadi 25. Tunda lake huitwa kungu. Watoto hula nyama yake ya nje, kisha huvunja kokwa kwa jiwe ili wapate kiini. Ganda lake ni jepesi, kwa hiyo kungu huelea baharini na huweza kuchukuliwa na maji mpaka pwani ya mbali.

Mara moja au mbili kwa mwaka, hasa mvua zinapoadimika, majani ya mkungu hubadilika rangi. Jani moja huwa la manjano, jingine huwa na rangi ya chungwa, na jingine huwa jekundu kabisa. Baadaye majani hayo huanguka, na ua wote hufunikwa. Kwa muda mfupi mti huweza kubaki na majani machache sana. Kisha matumba hufunguka, na majani mapya huchipua.

Mtu asiyejua jambo hili huweza kudhani kwamba mti wake unakufa, akachukua shoka na kuukata. Mti uliokua kwa miaka ishirini hukatwa kwa siku moja, na kivuli chake hakirudi upesi. Kwa hiyo ni lazima tujue sababu ya mabadiliko hayo.

Rangi zilizomo ndani ya jani

Jani la kijani lina rangi zaidi ya moja. Rangi ya kijani hutokana na umbijani, ambao pia huitwa klorofili. Umbijani ndio unaonasa nuru ya jua ili mmea utengeneze chakula. Ndani ya jani hilohilo zimo pia rangi za manjano na za chungwa. Mojawapo ni karotini, ambayo imo pia katika karoti. Hatuzioni rangi hizo kwa sababu umbijani ni mwingi na huzifunika.

Jaribio: Kuzitafuta rangi zilizofichika

Vifaa: majani mabichi ya mchicha, kinu kidogo na mchi, spiriti isiyo na rangi, kikombe cha kioo, na ukanda wa karatasi ya kuchujia.

Tahadhari: Spiriti hushika moto upesi. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu, mbali na moto, na madirisha yawe wazi. Usionje spiriti.

1. Twanga majani mpaka yalainike.
2. Mwalimu atie spiriti kidogo. Endelea kutwanga mpaka maji yawe ya kijani kilichokolea.
3. Mimina maji hayo katika kikombe. Kina chake kisizidi upana wa kidole.
4. Ning'iniza ukanda wa karatasi ili ncha yake iguse maji hayo. Ngoja nusu saa.

Umeona nini? Spiriti hupanda katika karatasi na kuzichukua rangi, lakini rangi hazipandi kwa mwendo mmoja. Utaona sehemu ya kijani, na juu yake mstari mwembamba wa manjano. Rangi hiyo ya manjano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo.

Mti huweka akiba

Wakati wa ukame mizizi hupata maji machache. Hata hivyo, majani huendelea kupoteza maji kwa kupitia vitundu vidogo sana ambavyo huwezi kuviona kwa macho matupu. Mti wenye majani mengi hupoteza maji mengi. Kwa hiyo baadhi ya miti hupunguza hasara hiyo kwa kuangusha majani. Mbuyu hufanya hivyo pia wakati wa kiangazi.

Lakini jani lina vitu vya thamani ndani yake, kama vile naitrojeni na fosforasi. Mti ulivipata vitu hivyo kutoka udongoni kwa kazi kubwa. Kabla ya kuliangusha jani, mti huvirudisha vingi katika vitawi na shina, kama vile mkulima anavyovuna shamba lake kabla ya kuliacha lipumzike. Katika kazi hiyo umbijani huvunjwavunjwa, na rangi ya kijani hupotea. Ndipo rangi ya manjano inapoonekana.

Rangi nyekundu ina habari nyingine. Katika mkungu na miti mingine kadhaa, rangi hiyo hutengenezwa upya jani linapokaribia mwisho wake. Huitwa anthosianini. Wanasayansi wengi hueleza kwamba rangi hiyo hulikinga jani na jua kali wakati mti unapohamisha akiba yake. Majani yaliyo juani mara nyingi huwa mekundu zaidi kuliko yaliyo kivulini. Tazama pia majani machanga ya mwembe. Nayo huwa na rangi nyekundu kabla ya kuwa ya kijani. Basi wekundu si dalili ya uzee tu.

Mwishowe tabaka jembamba hujengeka mahali ambapo kikonyo hushikana na kitawi. Jani hulegea, na upepo huliangusha. Mahali lilipokuwa hubaki kovu lililofungika, ili maji yasipotee. Jani lililoanguka hukauka na kuwa la hudhurungi.

Miti ya nchi za baridi

Katika nchi za kaskazini, kama vile Uingereza, Japani na sehemu za Marekani, miti mingi hubadilika rangi kati ya Septemba na Novemba. Huko ishara ya mabadiliko ni siku kuwa fupi na baridi kuanza. Mchana wenye jua na usiku wenye baridi isiyogandisha maji huifanya rangi nyekundu ikolee. Katika Japani watu husafiri ili kwenda kuitazama miti hiyo.

Pwani yetu haina baridi ya namna hiyo, na urefu wa siku haubadiliki sana. Lakini tuna majira ya mvua na ya kiangazi. Mkungu hauhitaji baridi ili upate rangi zake. Mwenye mkungu uani anaweza kuufurahia uzuri huo bila ya kusafiri.

Mti mgonjwa au majani yaliyozeeka?

Kabla ya kuukata mti wowote, uchunguze kwanza:

1. Je, majani yanayobadilika ni yaliyokomaa? Kama machanga ndiyo yanayonyauka, huenda mti una ugonjwa au wadudu.
2. Je, kuna matumba katika ncha za vitawi? Matumba ni dalili ya uhai.
3. Kwaruza kidogo gome la kitawi kwa ukucha. Ukiona rangi ya kijani na unyevu, kitawi hicho ki hai. Ukiona hudhurungi na ukavu, kimekufa.

Kuutunza na kuufurahia mkungu

Ukitaka kupanda mkungu, uchague mahali penye jua, mbali na ukuta wa nyumba, kwa sababu mti huu hukua mrefu na matawi yake hutanda sana. Mmwagilie maji mche wake wakati wa kiangazi mpaka ushike vizuri.

Usiyachome majani yanayoanguka. Ukiyachoma, moshi huwasumbua watu, na naitrojeni iliyobaki ndani yake hupotea hewani. Yakatekate, kisha uyatumie kama matandazo katika bustani ya shule ili udongo usikauke upesi. Au yatie katika shimo la mboji pamoja na majani mabichi na samadi, na uyanyunyizie maji. Yakioza yatakuwa chakula cha mimea mingine.

Majani machache mazuri yaweke katikati ya magazeti, juu yake weka vitabu vizito, na uyaache kwa wiki mbili. Kisha yapange darasani kwa rangi zake, kuanzia la kijani mpaka jekundu.

Kazi ya kufanya

Chagua majani kumi yaliyokomaa ya mkungu mmoja. Funga uzi katika kikonyo cha kila jani. Yatazame kila baada ya siku tatu, na uandike tarehe, rangi, na siku lilipoanguka. Andika pia kama mvua ilinyesha. Ikiwa huko kwenu hakuna mkungu, tumia majani ya chini ya mpapai.

Mambo ya kukumbuka

Jani la kijani lina rangi nyingine zilizofichika. Umbijani ukivunjika, rangi ya manjano huonekana. Rangi nyekundu ya mkungu hutengenezwa jani linapozeeka. Mti huhifadhi vitu vya thamani kabla ya kuangusha majani.

Maswali

1. Kwa nini hatuioni rangi ya manjano katika jani bichi?
2. Kuangusha majani kunausaidiaje mti wakati wa ukame?
3. Taja vitu viwili ambavyo mti huvihamisha kutoka katika jani linalozeeka.
4. Eleza tofauti kati ya sababu za kubadilika kwa majani katika Japani na katika pwani yetu.
5. Jirani yenu anataka kuukata mkungu wake kwa kuwa majani yote yamekuwa mekundu. Utamshauri achunguze nini kwanza, na kwa sababu gani?