Tundu dogo la kutu kwenye gari: fanya mwenyewe au lipa fundi?

Wengi wetu hapa Maskati tunachanga watu wawili watatu, tunanunua gari kuukuu la kuendea kazini. Hewa ya bahari ina chumvi, kutu haichelewi. Tundu likiwa mlangoni au juu ya tairi, na halizidi sarafu ya baisa 50, si lazima ukimbilie gereji za Wadi Kabir.

Dungadunga pembeni kwa bisibisi. Bati likizama, tundu ni kubwa kuliko unavyoliona. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, maana kutu ukiifunika inaendelea kula chini kwa chini. Puti peke yake usiijazie tundu, inanyonya maji na itadondoka. Tanguliza kitambaa cha fiberglasi chenye resini, kikauke, ndipo upake puti nyembamba, msasa tena, praima, rangi. Hadina ni kidogo tu, kama gramu 2 kwa gramu 100 za puti, na fanya alfajiri: mchana wa Julai puti inagandia kwenye kibao. Barakoa uvae, vumbi lile si la kuvuta.

Tundu la sakafuni, kwenye chesisi au karibu na mkanda wa kiti linataka kuchomelewa. Hilo lipa tu, ni roho yako.

Gharama ziandikwe kwenye daftari la gari, kila mmoja fungu lake. Gari la jirani usilitengeneze kwa malipo. Kibali chako cha kazi ni cha mwajiri wako.