Elimu kwa Umma: Damu ya Kamba na Tumaini la Dawa Mpya

Kamba wa maji baridi huishi katika tope lililojaa bakteria na kuvu. Mwili wake hautengenezi kingamwili kama wetu, lakini hupata majeraha na kupona. Hujikinga kwa silaha gani?

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi walieleza sehemu ya jibu. Walimchunguza kamba mwenye magando, aliyeletwa nchini humo kutoka Marekani. Damu yake ina himosianini, protini yenye madini ya shaba ambayo kazi yake kuu ni kusafirisha oksijeni. Walibaini kuwa vijidudu vinapouvamia mwili wake, kipande cha mwisho cha protini hiyo hukatwa kwa wingi na kuwa kiua bakteria. Kipande hicho, chenye asidi amino 16 tu, kiliitwa astasidini 1.

Vipande vya aina hii huitwa peptidi. Vingi hutoboa utando unaozunguka bakteria. Kwa kuwa bakteria hawezi kuishi bila utando huo, ni vigumu zaidi kwake kujijengea usugu, ingawa inawezekana.

Dawa mpya zinahitajika sana. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019, watu milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu kwa dawa.

Hata hivyo, safari ya kutoka maabara hadi zahanati ni ndefu. Peptidi nyingi zikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama, na baadhi huweza kudhuru chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo, kula kamba au kupaka damu yake kwenye kidonda si tiba.

Wakati utafiti ukiendelea, tulinde dawa tulizonazo:

1. Usinunue wala kutumia antibiotiki bila kupimwa na kuandikiwa na mtaalamu wa afya.
2. Tumia dozi kama ulivyoelekezwa. Usiikatishe kwa sababu tu umepata nafuu.
3. Usigawane dawa na jirani, wala usitumie masalia ya dozi ya zamani.
4. Usitumie antibiotiki kutibu mafua, kwani mafua husababishwa na virusi.

Kamba huzidisha silaha yake anapovamiwa. Nasi tutumie antibiotiki pale tu zinapohitajika, ili siku mtoto atakapougua kwa kweli, dawa imponye.