Kura za Maoni: Nimpe wa Ukoo Wangu?

Swali: Mimi ni mjumbe wa CCM huku Marangu. Kura za maoni zimetugawa: mtia nia mmoja ni wa ukoo wetu, mwingine ametutumia "nauli". Nichague vipi?

Jibu: Nauli hiyo irudishe. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hata mchujo wa ndani ya chama. Huyo wa ukoo muulize: mifereji ya kumwagilia migomba na bei ya kahawa atavisemeaje bungeni? Anayepanda mlimani Desemba tu, na kreti za bia, atababaika. Wala msinuniane, uteuzi hufanywa na vikao vya juu, na mwaka 2020 baadhi ya walioongoza waliachwa. Piga kura yako kwa siri, hata shangazi asijue.