Aliyeidarizi Ni Nani?

Wadogo zangu, leo kona yote naitoa kwa barua moja.

Imetoka kwa binti wa Gudele, hapa Juba. Amekulia kambini Kakuma. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na huko ndiko alikoanza kuchora, kwa mkaa, kwenye ukuta wa darasa. Amerudi Juba, amechora mabango ya maduka na kuta za shule. Sasa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kinatafuta mtafiti msaidizi wa mwaka mmoja hapa mjini. Kazi yenyewe ni kukaa na akina mama, wazee na vijana, kutazama picha zilizopigwa enzi za Waingereza, kisha wote kwa pamoja wachore, wadarizi na waigize yale ambayo ukoloni uliwaachia. Usaili amefanya na amepita. Mkataba anao mkononi, hajatia saini.

Mjomba wake anamwambia kuchora si kazi, na habari za wakoloni hazijazi sufuria. Asubiri nafasi ya bohari kwenye shirika la misaada. Yeye mwenyewe ana hofu nyingine. Ameandika: "Dada, naogopa nitakuwa nimeuza machozi ya bibi zangu kwa mshahara."

Mdogo wangu, nianze na mjomba. Usibishane naye. Ameshuhudia vita vya 2013, ameshuhudia vya 2016, na mtu aliyeona bei ya unga ikipanda kila akienda sokoni ana haki ya kuogopa njaa kwa niaba yako. Kaa naye jioni, mmiminie chai, umsimulie habari mbili zinazokwenda pamoja.

Ya kwanza ni ya Rejaf, hapo kusini mwa mji. Aprili 1928, wamisionari na maofisa wa serikali walikutana pale, pamoja na mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, Diedrich Westermann, wakapanga ni lugha zipi za kusini zitafundishiwa watoto. Wakachagua lugha sita: Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishilluk na Kizande. Kiarabu hiki tunachonunulia nyanya soko la Konyo Konyo, kilichozaliwa kwenye kambi za askari na masoko, hakikuwamo katika sita zile. Ya pili ni ya Mei 2012. Bendera yetu ya Sudan Kusini haikuwa imetimiza hata mwaka. Waigizaji wa hapa walisafiri hadi London wakacheza Cymbeline ya Shakespeare kwenye jukwaa la Globe, kwa tafsiri ya Joseph Abuk, na lugha waliyoipandisha jukwaani ilikuwa Kiarabu cha Juba. Lugha iliyoachwa nje Rejaf ikaenda kusema nyumbani kwa Shakespeare. Mwulize mjomba: hiyo si kazi? Waliozungumza pale walifanya jambo ambalo hotuba nyingi za viongozi hazijalifanya, na walilifanya kwa sanaa, kwa pamoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kazi hiyo uichukue. Hofu yako lakini siipuuzi, maana nimewahi kuuza kitu ambacho hakikuwa changu. Sijakisimulia katika kona hii mpaka leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa mtafiti mmoja mgeni. Jina lake na la chuo chake naliacha. Tulikuwa na akina mama kumi na mmoja chini ya rakuba, kibanda cha kivuli, mtaani Kator, kwa wiki tatu. Alitaka wachore, wao wakakataa kalamu za rangi wakasema watadarizi milaya. Nyote mnaijua milaya: shuka la harusi, shuka la mgeni, shuka ambalo mama akikimbia vita analifanya fungu la nguo na sufuria na kubeba kichwani hadi Uganda. Wakagawana kitambaa kimoja. Mmoja alidarizi barabara ya kwenda mahakama ya chifu, mahali baba yake alipofungwa kwa kukosa kodi. Mmoja alidarizi kengele ya shule ya misheni. Mmoja alidarizi nyumba za tukul saba, na ya nane akaiacha na mstari wa penseli tu, bila uzi. Nilidhani uzi umemwishia, nikamletea mwingine. Akanirudishia. Akasema aliyekuwa akiishi humo hakurudi.

Milaya ile ikakunjwa, ikaingia kwenye begi, ikapanda ndege. Baada ya mwaka nikatumiwa picha yake. Imetundikwa kwenye ukuta mweupe, inapendeza kweli. Chini yake kuna kibao: jina la mtafiti, mwaka, na maneno "pamba na uzi, wanawake wa Juba".

Wanawake wa Juba! Majina yao mimi mwenyewe niliyaandika, moja moja, kwa mkono wangu, maana walikuwa wakitia dole gumba kila siku kwenye orodha ya nauli na soda. Majina kumi na moja yalikuwepo. Yalibaki kwa mhasibu na katika daftari langu. Yule mama wa tukul saba nikikutana naye sokoni huniuliza shuka letu limefika wapi. Mpaka leo sijui nimjibu nini, na kosa si la mgeni peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia lugha zote mbili, na sikuuliza swali moja kabla begi halijafungwa.

Ndiyo sababu nakwambia, hofu yako ya kuuza machozi iweke kwenye karatasi iwe swali: aliyeidarizi ni nani, na jina lake litakaa wapi?

Na usidhani hili ni jambo dogo la adabu. Ukoloni ambao mradi wenu unataka kuuchunguza ulifanya kazi hivyohivyo. Kuna jumba la makumbusho Oxford, linaitwa Pitt Rivers, lenye picha kwa maelfu na mikuki, vibuyu, shanga na vigoda kutoka kwetu. Mengi yake yamewekwa kwenye intaneti. Utayafungua kwa simu yako ukipata bando. Sehemu kubwa ya picha zile ni za mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, yule aliyekwenda kwa Wanuer mwaka 1930 kwa ombi la serikali ya wakati ule, serikali ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imewapiga Wanuer haohao kwa mabomu ya ndege. Sikwambii umchukie, maandishi yake yamehifadhi mengi ambayo leo vijana wa Kinuer wenyewe wanayatafuta. Nakwambia usome kadi za vile vitu. Aliyekusanya yumo, aliyetoa kwa makumbusho yumo, tarehe imo. Fundi aliyekaa chini ya mti akachonga, mara nyingi hayumo.

Sasa linganisha na fimbo ya Ngundeng. Nabii wa Wanuer, Ngundeng Bong, alifariki 1906. Mwanawe Guek aliuawa na majeshi ya serikali mwaka 1929, na fimbo ya baba yake, ile wanayoiita dang, ikachukuliwa na ofisa wa Kiingereza, Percy Coriat. Ikaishi Uingereza miaka mingi. Mwanahistoria Douglas Johnson akaipata, na Mei 2009 akairudisha hapa Juba, watu wakaipokea kwa nyimbo. Ilirudi kwa sababu mwenyewe alijulikana. Fimbo isiyo na jina ingerudi kwa nani? Kenya wamehangaika na swali hilo. Kundi la wasanii la Nest na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa Ulaya, walikusanya orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye taasisi za nje, na mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi yenye makabati ya vioo matupu, ili watu waone pengo lenyewe. Sisi hata nyaraka zetu za serikali zilikaa kwanza ndani ya hema hapa Juba, mvua na mchwa vikizitafuna, kabla ya kuokolewa. Milaya utakayoisimamia wewe itakuwa hati pia. Ipe jina tangu siku ya kwanza, ili mjukuu wa mtu akiitafuta mwaka 2080 apate pa kuanzia.

Lakini hapa pana mwiba, na usipite juu yake. Jina linaweza kumdhuru mtu. Mzee ataanza na chifu aliyewekwa na Waingereza, na kabla chai haijapoa atakuwa amefika kwa mkubwa wa leo aliyemnyang'anya kiwanja. Mchoro wa bunduki ni mchoro wa bunduki ya nani? Kwa hiyo muulize kila mmoja, peke yake, mbali na wenzake: nikuandike jina lako, au la utani, au nikuache bila jina? Na umuulize tena mwisho wa kazi, maana mtu hubadili mawazo akishaona alichokitengeneza. Asiyetaka jina liandikwe amechagua. Wale mama zangu wa Kator hawakupewa nafasi ya kuchagua.

Uliza pia kazi itafanyika kwa lugha gani. Ikiwa ni Kiingereza kisha wewe unatafsiri kwa Kiarabu cha Juba, utakuwa mdomo wa watu wawili kwa mshahara wa mmoja, na yale matamu yatapotea njiani. Pendekeza mkutano uende kwa lugha ya rakuba, na mgeni ndiye akae na mkalimani. Akikataa, utakuwa umeshajifunza jambo juu ya mradi wake.

Pesa nitasema kwa ufupi kwa sababu nyote mnaijua habari yake: mshahara uandikwe kwa dola, au uandikwe kwamba paundi zitahesabiwa kwa bei ya siku ya malipo. Na mama anayedarizi siku nzima hawezi kulipwa soda. Siku hiyo hakuuza chai yake, hakuchoma kisra yake. Fundi hulipwa ufundi. Jambo hilo lidai kabla hujadai la kwako. Ukianza na lako wataona unatafuta nyongeza tu.

Bila barua ya ruhusa usitoke. Kamera mtaani Juba ni matatizo, nawe ndiye utakayebaki hapa mgeni akishapanda ndege. Kila siku ya kazi uwe na karatasi yenye muhuri ndani ya mkoba, na mkuu wa mtaa awe amekuona uso kwanza, kabla ya kusikia habari zako kwa watu.

Na kuna siku mtu atalia. Utakuwa umemwambia achore nyumba, naye atachora tukul ya nane. Usimkimbilie na kitambaa, wala usimpige picha. Wekeni uzi chini, mama mmoja ataanza wimbo au sala, wao wanajua. Wewe hakikisha tu kabla mradi haujaanza kwamba kuna mtu wa kumtembelea nyumbani jioni ile, na nauli yake imo kwenye bajeti.

Umeniuliza pia uanze na kitu gani, maana unaogopa wazee wataona ni mchezo wa watoto. Usianze na picha za Oxford. Anza na mji. Mpe kila mtu karatasi achore Juba aliyoikuta alipofika mara ya kwanza. Utashangaa. Watachora mtaa wa Malakia, maduka ya Wagiriki, misheni, mto. Kisha waulize nani aliruhusiwa kulala wapi. Hapo ndipo mtafika kwenye viwanja vya daraja la kwanza, la pili na la tatu, ambavyo tunavigombania hadi leo ofisini kana kwamba Mungu ndiye aliyevipima. Kijana aliyekuja akidhani ukoloni uliondoka 1956 atatazama hati ya kiwanja cha baba yake kwa jicho jingine. Hilo nalipenda katika kazi yako kuliko yote: mzee asiyesoma atakuwa mwalimu siku hiyo, na mwenye digrii atashika penseli amsikilize.

Wala hutakuwa peke yako. Vijana wa Ana Taban, waliojiita "nimechoka" kwa lugha yetu, wamekuwa wakichora kuta na kucheza michezo ya mitaani tangu 2016. Kundi la Likikiri linakusanya hadithi na kumbukumbu za wazee hapahapa mjini. Kawasalimie kabla hujaanza, uwaulize nini kiliwashinda. Usiingie kama mtu wa kwanza kufika. Mwingereza Samuel Baker, wa karne ya kumi na tisa, alifika Gondokoro hivyo.

Mkataba usiutie saini wiki hii. Waandikie kwa upole, sema umefurahi, na sema una maswali manne: jina, lugha, malipo ya washiriki, na mahali kazi zenyewe zitakapokaa mradi ukiisha. Kwa hilo la mwisho omba kitu mahususi. Kazi halisi ibaki Juba, shuleni, kanisani au kwa walioitengeneza, na picha yake ndiyo isafiri. Wakisema hakuna mahali salama pa kuiweka, waambie akina mama wamehifadhi milaya zao kwenye masanduku ya bati katika vita vyote hivi.

Jumamosi nitakuwa Malakia kwa mama wa chai aliye karibu na mafundi cherehani, kuanzia saa nne asubuhi. Njoo na mkataba, na njoo na mjomba kama atakubali. Tutausoma mstari kwa mstari. Nami nitakuja na lile daftari langu la zamani. Majina yote kumi na moja bado yanasomeka, na nataka unisaidie kuandika barua ya kuyapeleka lilikotundikwa lile shuka.