Usimrudishe Aliyekimbia

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:15-16, Yoshua 20:1-6

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na dada aliyekuwa akiabudu nasi, ambaye sasa yuko Marekani. Ameomba hifadhi huko kwa sababu ya kipigo cha mumewe, na wakili wake alitaka barua ya mchungaji. Amekubali niwaeleze, bila jina.

Niliandika haraka: ni mwaminifu, aliimba kwaya, tunawajua watu wake. Wakili akairudisha. Hakutaka sifa. Alitaka nilichokiona kwa macho yangu, lini, na kanisa lilifanya nini.

Hapo nikanyamaza. Dada huyu alikuja ofisini Jumatano moja baada ya maombi ya mchana, jicho limevimba, mkono umefungwa leso. Tulimwombea, kisha tukampigia mumewe simu aje amchukue. Nilisomea biashara na napenda rekodi, lakini tarehe ya siku hiyo niliipata tu kwenye M-Pesa: nilikuwa nimemtumia shilingi 500 za dawa.

Sasa soma Kumbukumbu 23. Mtumwa aliyemtoroka bwana wake asirudishwe. Aachwe akae mahali atakapochagua mwenyewe. Mungu hasemi kwanza wapatanishwe. Najua mke si mtumwa, lakini huyu hata nauli ya kuja kanisani aliomba.

Kwenye Yoshua 20 anayekimbia anasimama langoni na kuwaeleza wazee kesi yake. Miji ile ilikuwa ya aliyeua bila kukusudia, lakini kule Marekani pia kuna lango, na si rahisi. Kusema "nilipigwa" hakutoshi. Ni lazima aonyeshe anateswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, msimamo wa kisiasa au kundi fulani la kijamii, na kwamba serikali ya kwao haikutaka au haikuweza kumlinda. Kesi za kipigo cha nyumbani mara nyingi hupitia hapo kwa "kundi", na tangu 2014 mlango huo umefunguliwa na kufungwa zaidi ya mara moja. Tena ombi lapaswa kupelekwa ndani ya mwaka 1 tangu kufika, isipokuwa kwa sababu chache.

Mzazi mmoja ameshaniuliza kama naweza kumwandikia binti yake barua kama hiyo, na binti hajawahi kupigwa. Hapana, mpendwa. Anayepeleka ombi la uongo akijua ni uongo anaweza kufungiwa mambo ya uhamiaji huko maisha yake yote. Na anamharibia aliyepigwa kweli.

Swali lililobaki lilikuwa: mbona hakuripoti polisi? Kwa sababu sisi tulimwambia hayo ni mambo ya nyumbani, asiaibishe kanisa. Ilibidi niandike hivyo, nikaweka sahihi. Sentensi mbili zilinichukua siku tatu.

Nimeongea na mchungaji wetu kiongozi na akina mama wa idara. Mama akija amepigwa, hatumpigii mume simu. Mmoja wao atamsindikiza hospitali, kisha polisi achukue namba ya OB na fomu ya P3. Korti inaweza kumpa amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015. Usiku, piga 1195, ni bure.

Barua ilitumwa Ijumaa. Dada bado hajapangiwa siku ya kusikizwa.